Mji upi unampokea mbwa? Uliza kwanza anatoka wapi

Kila mwaka mitandaoni hutoka orodha za miji inayopenda mbwa. Berlin hukaa juu, Paris na London hazikosekani, New York husifiwa kwa bustani zake, na picha karibu huwa ileile: mbwa amelala chini ya meza ya mkahawa, mwenyewe anakunywa kahawa. Anayesoma orodha hizo akiwa Lubumbashi, ambako mbwa ni mlinzi wa lupango, yaani ua wa nyumba, anayefunguliwa usiku, na geti limeandikwa kwa rangi nyekundu "Chien méchant", yaani mbwa mkali, huanza kwa mshangao. Mbwa anapanda treni? Analipa nauli? Nani amemruhusu?

Majibu yapo, na tutayafikia. Ila orodha hizo huchanganya mambo matatu yanayopaswa kutenganishwa: kuingia nchini, kuzunguka mjini, na kuishi humo. Mji unaweza kuwa mwepesi kwa moja na mgumu kwa mengine mawili. Msafiri wa wiki moja anatazama hoteli na metro. Mkazi anatazama mkataba wa nyumba, kodi, na saa za kumtoa mbwa nje wakati wa baridi. Na lile jambo la kwanza, la kuingia, halimo mikononi mwa mji hata kidogo. Mbwa wa Brussels na mbwa wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wakifika Paris siku moja, mmoja anapita, mwingine anaulizwa maswali ya miezi minne.

Karatasi kabla ya bustani

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mbwa mgeni kamba yake ni karatasi. Kinachoogopwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika visa 99 kati ya 100 binadamu aliambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kongo bado virusi hivyo vipo, na kila afisa wa uwanja wa ndege wa Ulaya analijua hilo kabla hajamtazama mbwa wako usoni.

Wenzetu waliuondoa kwa kazi ndefu. Uingereza ilimaliza kichaa cha mbwa mwaka 1922, kwa amri za kuwafunga mbwa midomo na karantini ya miezi sita kwa kila mbwa mgeni. Karantini hiyo ilianza kulegezwa mwaka 2000 tu. Huko Ulaya bara, tatizo kubwa lilikuwa mbweha wa porini, na mbweha humkamati ukampeleka kliniki. Mwaka 1978, katika bonde la Rhône nchini Uswisi, watafiti walitawanya vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo ili mbweha wale na wachanjwe bila kujua. Ikafaulu. Nchi jirani zikaiga kwa vyambo vilivyotengenezwa kiwandani na kudondoshwa kutoka angani. Ubelgiji na Ufaransa zilihesabiwa kuwa huru mwaka 2001, Ujerumani mwaka 2008. Marekani nayo ilitangaza mwaka 2007 kwamba virusi vya aina inayosambazwa na mbwa vimekwisha kwake. Yule mbwa aliyelala chini ya meza ya mkahawa wa Brussels amelala pale kwa msaada wa vichwa vya kuku vya mwaka 1978, jambo ambalo hakuna orodha inayolitaja.

Ndiyo maana wanalinda walichopata. Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi za nje ambazo hali yake ya kichaa cha mbwa unaiamini. Kongo haimo. Afrika Kusini na Kenya pia hazimo, kwa hiyo tusijione tumeonewa peke yetu. Mbwa anayetoka nchi isiyo kwenye orodha anapitia hatua ambazo mpangilio wake una uzito kuliko hatua zenyewe. Kwanza anawekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Kisha, si kabla, anachanjwa. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi, hata kitabu kiwe kimejaa mihuri, maana hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyesimama mbele ya afisa. Siku ya chanjo awe ametimiza wiki 12. Zikipita siku 30 au zaidi, anatolewa damu, na damu hiyo inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya ili ipimwe kama chanjo imeshika. Kiwango cha kinga kinachokubalika ni 0.5 IU (vipimo vya kimataifa) kwa mililita au zaidi. Kutoka siku ya kutoa damu, si siku majibu yalipofika, inahesabiwa miezi mitatu ya kungoja. Mwisho kabisa daktari wa wanyama wa serikali anatia saini cheti cha afya, na cheti hicho kinakupa siku 10 kufika Ulaya.

Jumlisha: miezi minne, kila kitu kikienda sawa. Kwa mtu wa Lubumbashi ningesema ahesabu mitano au sita, kwa sababu damu inasafiri kwa ndege, majibu yanasafiri kwa barua, na mihuri yetu tunaijua. Familia nyingi hukata tiketi kwanza ndipo zikumbuke mbwa. Mbwa huyo hubaki kwa shangazi.

Kuna habari njema ndani yake. Kipimo cha damu kikishapita, na chanjo ikirudiwa kila mara kabla muda wake haujaisha, hakirudiwi tena maisha yote ya mbwa huyo. Ukichelewa hata siku moja kuchanja upya, unaanza mwanzo.

Hapo ndipo ndugu zetu wanaoishi Ubelgiji huumia. Anakuja likizo Lubumbashi mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu, na mbwa wake mwenye paspoti ya Ulaya, chanjo safi, chipu safi. Kuja ni rahisi. Kurudi ndiko kwenye mtego: mbwa huyo sasa anatoka Kongo, na bila kipimo cha damu atangoja miezi mitatu kama mbwa wa mtaa wetu wa Ruashi. Dawa yake ni ndogo. Kipimo kifanyike huko Ulaya kabla ya safari na kiandikwe ndani ya paspoti. Basi mbwa anarudi bila kungoja kitu.

Nchi nyingine zina milango yao. Uingereza inataka kipimo hichohicho cha damu na miezi mitatu, pamoja na dawa ya tegu inayotolewa na daktari kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia, na mbwa anayefika kwa ndege huingia kama mzigo wa kargo, si mikononi mwako, isipokuwa awe mbwa wa kumsaidia mlemavu. Treni ya Eurostar haimchukui. Kwa hiyo wajanja hushukia Paris au Brussels, wakakodi gari na kupita nalo chini ya bahari kwa treni ya magari. Marekani ilichoshwa na vyeti vya chanjo vya kughushi. Julai 2021 ilifunga mlango kwa mbwa kutoka nchi zaidi ya 100, kisha ikaufungua kidogo kidogo. Tangu Agosti 2024 kila mbwa anayeingia awe na miezi sita au zaidi na chipu. Kwa wale wanaotoka nchi za hatari, Kongo ikiwemo, waliochanjwa nje ya Marekani wanashukia viwanja vichache tu vyenye kituo maalumu cha wanyama, kama JFK wa New York au Atlanta, na asiye na kipimo cha damu anakaa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe. Japani inadai chanjo mbili, kipimo cha damu, na siku 180 za kungoja. Australia haimpokei kabisa mbwa anayetoka moja kwa moja kwetu. Lazima apitie nchi wanayoikubali.

Ndege yenyewe ni hesabu nyingine. Mashirika mengi yanayoruhusu mbwa kwenye sehemu ya abiria yanaishia kilo 8 pamoja na begi lake. Anayezidi hapo anashuka chini, kwenye kreti. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, wengi hawachukuliwi chini hata ukilipa mara mbili, kwa sababu joto na wasiwasi vinawabana pumzi. Na boerboel, jitu la Afrika Kusini linalolinda malango mengi ya matajiri wa migodi hapa, kreti lake tu linaweza kugharimu kuliko tiketi ya mwenye mbwa.

Ndani ya treni

Sasa chukulia amepita. Yuko mjini. Usafiri wa umma ndio unaonyesha haraka zaidi tabia ya mji kwa mbwa, kwa sababu huko ndiko mbwa hukutana na watu wasiompenda.

London ni nyepesi: mbwa anapanda metro bure akiwa na kamba au ndani ya begi, na kwenye basi dereva ana neno la mwisho. Sharti moja huwachekesha wageni. Kwenye ngazi za umeme mbwa anabebwa, ili kucha zake zisinaswe. Mwenye mbwa wa kilo 40 hutafuta ngazi za kawaida. Berlin humkatia mbwa mkubwa tiketi ya bei iliyopunguzwa, kama mtoto, na kumtaka afungwe mdomo. Mdogo ndani ya begi halipi. Vienna hivyohivyo, nusu nauli na kifungio cha mdomo. Paris inakubali mbwa mkubwa kwenye metro akiwa na kamba na mdomo umefungwa, lakini kwenye basi hapandi. Huko ni wadogo wa kwenye begi tu.

New York, inayojisifu, ina sheria kali kuliko zote hizo: hakuna mbwa kwenye metro isipokuwa ndani ya mfuko au kasha, na asiwasumbue abiria. Sheria haikusema mfuko wa ukubwa gani. Basi watu wakachukua mifuko mikubwa ya buluu ya IKEA, wakatoboa matundu manne ya miguu, na utaona mbwa wa kilo 30 anatembea ndani ya mfuko huku mwenyewe ameshika vishikio. Kisheria mbwa amebebwa. Mwanasheria wa Lubumbashi angewapenda watu hawa.

Tokyo inamhesabu mbwa kuwa mzigo. Kwenye treni za shirika la reli la JR East anaingia kwenye kasha lililofungwa, uzito wote usizidi kilo 10, na analipiwa kama mzigo wa mkononi. Asiyetosha kwenye kasha hapandi. Ndio maana Tokyo utaona vigari vya watoto vingi, na ndani yake si watoto. Mji huohuo una sanamu ya shaba ya Hachikō pale kituo cha Shibuya, mbwa aliyemngoja bwana wake aliyekwisha kufa hadi naye akafa Machi 1935. Hachikō alikuwa mbwa mkubwa wa aina ya Akita. Leo asingeruhusiwa kupanda treni aliyokuwa akiingoja.

Mimi Tokyo singeipa nafasi ya juu, ingawa hoteli zake na maduka yake ya mbwa ni ya ajabu. Beijing singeipa nafasi yoyote: metro hapana, nyumba moja mbwa mmoja, na katika maeneo ya katikati mbwa anayezidi sentimita 35 kwa kimo haruhusiwi, kwa kanuni za mwaka 2003.

Popote nilipotaja hapo, mbwa anayemwongoza kipofu ana njia yake pekee, na makatazo mengi hayamgusi.

Anayemjibia

Ukitazama sheria hizi zote pamoja, utaona kwamba mji haumkaribishi mbwa. Unamkaribisha mtu anayemjibia. Kamba, chipu, tiketi, kodi, mfuko wa kuokotea kinyesi: kila kimoja ni njia ya kusema mbwa huyu akikosea, mkosaji anajulikana. Hadithi mbili za kweli zinaonyesha hilo vizuri, na zote ni za mbwa waliopanda treni peke yao.

Ya kwanza ni ya Simon's Town, bandari ya jeshi la majini karibu na Cape Town. Kulikuwa na mbwa mkubwa wa aina ya Great Dane aliyewapenda mabaharia. Walipopanda treni kwenda mjini naye alipanda, akajinyoosha kwenye viti, akashuka nao. Shirika la reli likakasirika, likatishia kwamba asiyelipiwa nauli ataondolewa duniani. Mabaharia wakawaandikia wakubwa wao, na Agosti 1939 jeshi la majini la Uingereza likamwandikisha rasmi kama askari, kwa jina la Just Nuisance, ili apate safari za bure kama askari mwingine yeyote. Mbwa hakubadilika hata unywele. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na wa kumjibia, tena wa vyeo. Alikufa 1944, akazikwa kwa heshima za kijeshi, na sanamu yake ipo hadi leo.

Ya pili ni ya Istanbul, mwaka 2021. Mbwa wa barabara aliyeitwa Boji alianza kusafiri kwa feri, metro na tramu, akishuka na kubadilisha kama mfanyakazi anayewahi ofisi. Manispaa ilimwekea kifaa cha kumfuatilia, ikagundua kuna siku anakwenda hadi kilomita 30. Mji ukampenda. Kisha, Novemba, ikasambaa picha ya kinyesi kwenye kiti cha tramu, na Boji akashtakiwa mitandaoni. Manispaa ikatoa picha za kamera: mtu alikuwa amekitoa mfukoni na kukiweka pale. Boji alisafishwa jina, lakini baada ya muda mfupi safari zake zikaisha. Alichukuliwa na tajiri mmoja wa mjini akalelewe nyumbani. Mbwa asiye na mwenyewe hana namna ya kujitetea, hata akipendwa na mji mzima.

Istanbul ndio mji unaozitia aibu orodha za mitandaoni, kwa sababu mbwa wake wengi hawana mwenyewe ila wana mtaa. Watu wanawalisha, wanawawekea maji, na masikio yana vibandiko vinavyoonyesha wamechanjwa na kufungwa uzazi. Huo ndio uliokuwa mpango wa sheria ya mwaka 2004: wakamate, wachanje, wafunge uzazi, warudishe pale ulipowatoa. Kabla ya hapo historia yake ni ya giza. Mwaka 1910 utawala wa Kiosmani ulikusanya makumi ya maelfu ya mbwa na kuwatupa kwenye kisiwa kikavu cha Sivriada, wakafa kwa njaa na kiu huku watu wa pwani wakisikia sauti zao. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowasha maandamano Julai 2024, bunge la Uturuki lilipobadilisha sheria na kuziamuru manispaa ziwaondoe mbwa barabarani na kuwaweka kwenye makao. Waliokuwa upande wa sheria walikuwa na sababu pia: watoto walioumwa, wazee walioangushwa. Delhi ilipitia mvutano uleule Agosti 2025. Mahakama ya Juu ya India iliamuru mbwa wote wa mitaani wakusanywe, na kabla mwezi haujaisha ikarekebisha amri yake: wachanjwe, wafungwe uzazi, warudishwe, isipokuwa wenye kichaa au wakali.

Basi mji unaopenda mbwa ni upi, Berlin au Istanbul? Kwa mbwa mwenye bwana ni Berlin. Mbwa asiye naye, huko Berlin humwoni barabarani kabisa.

Mpangaji mwenye mbwa

Kwa anayehamia, metro ni jambo dogo. Nyumba ndiyo vita. Ufaransa, sheria ya Julai 1970 inamkataza mwenye nyumba kuandika kwenye mkataba kwamba mpangaji asifuge mnyama, isipokuwa mbwa wa aina zilizohesabiwa kuwa hatari. Ni sheria moja, fupi, na naiona kubwa kuliko bustani zote za Paris, ambazo baadhi yake kwa kweli hazimtaki mbwa. New York mkataba unaweza kusema "hakuna wanyama" na mara nyingi mjadala ukaishia hapo. Singapore, ambako watu wengi wanaishi nyumba za serikali, ghorofa moja ni mbwa mmoja, mdogo, wa aina iliyo kwenye orodha.

Halafu kodi. Berlin inatoza euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, 180 kwa kila anayeongezeka, na fedha hizo zinaingia kwenye hazina ya mji bila ahadi ya kumjengea mbwa chochote. Beijing hutoza yuani 1,000 mwaka wa kwanza. Ubelgiji kila mbwa lazima aandikishwe na awe na chipu, na desturi hiyo ina zaidi ya miaka 25.

Aina ya mbwa nayo inaangaliwa. Uingereza ilipiga marufuku pit bull na wengine watatu mwaka 1991, na kuanzia Februari 2024 kumiliki mbwa wa aina ya XL Bully bila kibali maalumu ni kosa. Familia ya Lubumbashi inayomwita mbwa wake "pitbull" kwa kujisifu mtaani ingefanya vizuri kujua kwamba neno hilo, likiandikwa kwenye karatasi za London, linaweza kumgharimu mbwa uhai.

Na kinyesi. Msicheke, huko ndiko miji mikubwa ilikotumia akili nyingi. Paris wakati wa meya Chirac, kuanzia 1982, ilikuwa na pikipiki zenye mitambo ya kufyonza kinyesi cha mbwa kwenye vijia vya waenda kwa miguu. Zilikimbia mjini zaidi ya miaka ishirini, gharama ikawa kubwa, uchafu ukabaki, zikasitishwa 2004. New York ilitumia njia ya bei nafuu tangu 1978: aliyeleta mbwa aokote, au alipe faini. Leo hata Paris inafanya hivyo, na faini ni euro 135. Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, ilikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 1924 ilipiga marufuku mbwa mjini kwa sababu ya ugonjwa wa tegu waliokuwa wakiwaambukiza watu, na katazo hilo lilianza kulegezwa mwaka 1984 tu.

Na huku kwetu

Afrika haimo kwenye orodha nyingi, na si haki. Nairobi ina msitu wa Karura, ambako asubuhi ya Jumapili mbwa wenye kamba hutembea na wenyewe kwa kilomita nyingi chini ya miti. Johannesburg ina Emmarentia, bwawa lenye nyasi pana ambako mbwa huogelea. Na Kongo yenyewe ndiyo iliyoipa dunia basenji, mbwa mwembamba asiyebweka, aliyepelekwa Uingereza miaka ya 1930 na sasa analala kwenye makochi ya New York. Virunga nayo iliwaleta mbwa wa kunusa kutoka Ulaya kuanzia 2011, wafuate nyayo za majangili. Hao pengine ndio mbwa wageni waliopokewa vizuri kuliko wote nchini.

Lubumbashi, mbwa wengi wana mwenyewe; ambacho wengi hawana ni kitu kinachomtaja huyo mwenyewe. Hana chipu, mara nyingi hana hata mkanda shingoni. Akitoka lupangoni usiku na kuuma mtoto wa jirani, asubuhi mbwa ni wa hakuna mtu. Mji una Kitivo cha Udaktari wa Wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo wataalamu wapo. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani inasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali, virusi hukosa njia ya kupita. Mpaka tufike hapo, aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Anayemleta mbwa kututembelea ajue atakachokuta. Watu watavuka barabara kumkwepa, na watoto watakimbia halafu warudi kumchungulia. Huko ni kufunzwa na mbwa wa malangoni, wala si ukatili. Taxi-bus haimchukui, kwa hiyo kodi teksi peke yako na kubaliana na dereva kabla hajamwona mbwa, si baada. Hoteli ipigiwe simu. Zamu, yaani mlinzi, wa mahali unapofikia apewe jina la mbwa na aonyeshwe anavyofungwa, maana usiku yeye ndiye atakayebaki naye nje. Msimu wa mvua kupe ni wengi. Dawa ya kupe itoke huko unakotoka. Usimtoe nje bila kamba hata akiwa mpole kama kondoo: mbwa wa lango la pili hajui hilo.

Na siku ya kurudi, cheti cha afya, kitabu cha chanjo na majibu ya maabara, yaani karatasi zenyewe zenye saini ya wino, vikae kwenye begi lako la mkononi. Fotokopi ndizo zibandikwe kwenye kreti.